Pepo za Msimu katika Masomo ya Jiografia na Historia

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kwa nini Kilwa ilisitawi katika karne ya 14, hujibu mara moja: kwa biashara ya dhahabu. Jibu hilo si la uongo, lakini halimtoshi mwalimu apendaye kufundisha mambo pamoja na sababu zake, maana dhahabu haikutoka Kilwa. Ilitoka katika nchi za juu zilizo kati ya mito ya Zambezi na Limpopo, ikashuka hadi Sofala. Na toka Sofala hadi Kilwa ni safari ndefu ya bahari. Basi kwa nini wafanyabiashara wa Uarabuni hawakuifuata huko huko Sofala? Jibu lake limo katika somo la jiografia, ambalo mara nyingi hufundishwa na mtu mwingine asiyeulizana habari na mwalimu wa historia.

Twaona yafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno kaskazini latokana na kaskazi, na kusini latokana na kusi; yaani Mswahili alizitaja pande hizi mbili si kwa nyota wala kwa milima, bali kwa pepo zitokazo huko. Mtoto wa Tabora au wa Songea hutamka maneno haya kila siku, wala hajui kwamba anataja pepo za baharini. Akiisha kuambiwa asili yake, amekwisha kupata nusu ya somo kabla ya kufungua ramani.

Kaskazi huvuma tangu Desemba hivi hadi Machi, kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuja pwani ya Afrika Mashariki. Kusi hushika zamu tangu Aprili hadi Septemba, ikavirudisha vyombo. Sababu ni bara la Asia. Wakati wa joto la huko, nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kujaza mahali pake. Wakati wa baridi mambo hugeuka. Katikati ya pepo hizi huwapo siku za upepo usiotulia, ambazo mabaharia waliziita tanga mbili. Tena kusi ya Juni na Julai ni kali mno, hata nahodha mwenye akili aliondoka mapema, au alingoja mpaka ipungue.

Chombo kilichotoka Uarabuni kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza na kununua, kikarudi kwa kusi ya mwaka ule ule. Kusini zaidi ya hapo kaskazi hupungua nguvu, na aliyeendelea hadi Sofala alijitia katika hatari ya kukosa upepo wa kumrudisha kwao mwaka ule. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliiendea dhahabu wenyewe, wakaileta mahali ambapo mgeni aliweza kuifikia. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliukuta mji mzuri chini ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Na sarafu yenye jina la sultani huyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari.

Hata hesabu ya siku ilifuata upepo. Mwaka wa Kiislamu, ukifuata mwandamo wa mwezi, hupungua siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, basi haumfai baharia wala mkulima. Ndipo watu wa pwani wakawa na mwaka mwingine wa siku 365, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Sikukuu ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ni masalio ya hesabu hiyo. Wageni huitazama kama mchezo tu, nayo ni kalenda.

Lakini mfano ufaao kuliko yote darasani ni safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 pamoja na rubani aliyepewa huko, akafika Calicut tarehe 20 Mei. (Vitabu vingi humtaja rubani huyo kuwa Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi wa sasa hawakubali, nasi twashauri jina hilo lisifundishwe kwa yakini.) Katika kurudi hakungoja kaskazi. Aliiacha pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba, akaja kufika Malindi tarehe 7 Januari 1499, baada ya miezi mitatu ya shwari na pepo za mbele. Watu kama 30 walikufa kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakaiteketeza moja, São Rafael.

Mwanafunzi apewe tarehe hizi nne na ramani tupu, achore mishale ya upepo, aeleze mwenyewe tofauti ya safari mbili. Kisha, kwa darasa la juu, aulizwe habari za mwaka 1505, Wareno walipoiteka Kilwa na kujenga ngome Sofala mwaka huo huo, na kwa nini ngome yao ya Kilwa waliiacha mwaka 1512. Wao walikuja kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakitokea kusini. Na kwa mtu aliyetoka upande huo, mji uliowekwa mwisho wa mwendo wa kaskazi haukuwa tena na faida ile ya zamani.