Uhandisi: Chuo cha Umma au cha Binafsi? Hesabu ya Kupiga Kabla ya Kutuma Karo

Matokeo ya KCSE yakitoka, kuanzia Mjambere hadi Likoni mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale. Kijana kapata alama nzuri, ataka kusomea uhandisi, na kila jirani ana lake. Mmoja atasema, “Mpeleke cha serikali, karo ni nafuu.” Mwengine atajibu, “Huko wagoma kila mara, mpeleke binafsi amalize mapema.” Wote wana ukweli kidogo. Lakini kuna swali linalotangulia karo: je, kozi yenyewe inatambuliwa?

Kozi kwanza, jina la chuo baadaye

Nchini Kenya, Sheria ya Wahandisi ya 2011 inakataza mtu kujiita mhandisi kama hajasajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Shahada peke yake haitoshi. Kijana akihitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi si chini ya miaka 3 ndipo aombe usajili kamili.

Wazazi wengi hudhani chuo cha umma hakiwezi kuwa na tatizo hapa. Si kweli. Zaidi ya wahitimu 100 wa vyuo vya umma, wakiwemo wa Egerton, walijikuta na shahada mkononi huku bodi ikikataa kuwasajili, kwa kuwa kozi zao haikuwa imezitambua. Kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa 2018. Fikiria miaka hiyo yote kortini badala ya kazini.

Kwa hivyo usiulize tu, “Chuo hiki ni kizuri?” Uliza kozi moja moja. Chuo kimoja chaweza kuwa na uhandisi wa umeme unaotambuliwa, na kozi nyengine ambayo bado. Tazama orodha ya EBK, kisha uhakikishe Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeidhinisha kozi hiyo. Mkuu wa idara akikwambia “tuko mbioni kutambuliwa,” mwambie akuonyeshe barua.

Piga hesabu ya miaka 5, si ya muhula mmoja

Shahada ya uhandisi huchukua miaka 5, yaani mihula 10. Tuseme chuo cha binafsi chataka shilingi 90,000 kwa muhula. Hiyo ni 900,000 kabla ya chakula na nauli.

Upande wa umma, tangu 2023 mwanafunzi aliyepangiwa nafasi na KUCCPS huomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB kulingana na hali ya familia, na nyumbani mnalipa kinachobaki. Wa chuo cha binafsi aweza kuomba mkopo wa HELB, lakini ule ufadhili haumhusu. Na mkopo ni deni: hurudishwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mpango huu umepingwa mahakamani, kwa hivyo soma barua ya mwaka wenu, usitegemee ya binamu aliyeingia zamani.

Sasa ongeza gharama ya kuishi. Kijana wa Kisauni akisoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor, atavuka daraja la Nyali asubuhi na jioni alale kwao. Wa Likoni feri ya miguu ni bure, halafu matatu. Lakini akipangiwa JKUAT kule Juja, chumba cha shilingi 5,000 kwa miezi 9 ya mwaka ni 45,000. Kwa miaka 5 ni 225,000. Chuo cha mbali chenye karo ndogo chaweza kukugharimu zaidi ya cha karibu.

Na migomo je? Ni kweli, 2025 mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulichukua majuma kadhaa. Kila muhula unaorefuka ni kodi na chakula zaidi. Weka akiba ya muhula mmoja wa ziada.

Kuna mlango wa tatu

Si lazima kuanza na shahada. Anayesomea diploma au shahada ya teknolojia ya uhandisi husajiliwa na bodi nyengine, KETRB, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Bandarini Kilindini na kwenye mitambo ya Kipevu, fundi mwenye ujuzi ana nafasi yake. Ila jueni mapema mnaingia mlango upi, kijana asije akatarajia usajili wa EBK bure.

Ukishaamua, lipa kwa usalama

Chukua nambari ya malipo kutoka barua rasmi ya chuo au tovuti yake, si kutoka kundi la WhatsApp.

Kwenye nafasi ya akaunti, andika nambari ya usajili ya mwanafunzi. Ukikosea, pesa zitafika lakini jina lake halitaonekana.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Hakuna “afisa” anayeuza nafasi ya uhandisi kwa kutumiwa pesa kwenye simu yake. Huyo ni tapeli.

Usifute ujumbe wa malipo. Hifadhi kila mmoja hadi kijana ahitimu. Siku ya kuhakikiwa karo huo ndio ushahidi wako.

Kama karo ni 80,000 kwa muhula wa miezi 4, weka 20,000 kila mwezi, au 5,000 kwa wiki. Pesa ndogo ndogo ni rahisi kuzipata kuliko kukimbizana na chama wiki ya mtihani.

Wiki hii, kabla ya kutuma hata shilingi moja, kaeni na kijana mfungue orodha ya EBK pamoja. Kozi isipoonekana humo, karo nafuu haitaisaidia.