R Iliyomezwa Ghorofa ya Nne

Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York akijifanya mteja. Alikuwa ameshajua bidhaa zipi zinauzwa ghorofa ya nne, na hizo ndizo alizoziulizia. Mfanyakazi akijibu "fourth floor", Labov alijifanya hakusikia, akarudiwa jibu kwa uangalifu zaidi, kisha akajitenga na kuandika: R zimesikika au zimemezwa? Aliwapima hivyo wafanyakazi 264.

Katika Saks, duka la wenye nazo, asilimia 62 walitamka R walau mara moja. Macy's walikuwa asilimia 51. S. Klein, kimbilio la wenye kipato kidogo, kama 20 tu. Wauzaji wa Saks wenyewe hawakuwa matajiri. Lafudhi waliiazima kwa wateja wao. Wa Macy's nao, walipotakiwa kurudia, walizidisha R. Walijua matamshi yanayosifiwa, hata kama hayakuwa ya kila siku midomoni mwao. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko asilimia zote.

Msomaji asiharakishe kudhani kwamba R ni alama ya usomi. Uingereza mambo ni kinyume: msomi wa London huimeza, na anayeitamka wazi, kama wenyeji wa Somerset, hutaniwa kuwa mkulima. Waskoti na Waairishi wanaitamka bila kumwomba mtu radhi.

London ilianza kuiacha R isiyofuatwa na irabu katika karne ya 18, na mtindo huo ukafika hadi bandari za Marekani kama Boston na Charleston. Huko bara, walikolowea wahamiaji wengi kutoka Ulster, R ilibaki. Rais Franklin Roosevelt, mtoto wa familia tajiri ya jimbo la New York, aliimeza, na wakati huo ndivyo walivyosema mabwana. Heshima ilihamia kwa wanaoitamka R baada ya Vita Kuu ya Pili. (Sisi tulikuwa tumeshajifunza Kiingereza kwa Waingereza, na nadhani ndiyo sababu nesi, shati na sketi zilitufikia bila R.)

Utafiti wa Labov uliporudiwa mwaka 1986, S. Klein ilikuwa imefungwa na duka jingine la bei nafuu likachukua nafasi yake. R zilikuwa zimeongezeka, lakini Saks bado iliongoza na duka la bei nafuu bado lilikuwa mkiani.