Saa ya Afisa na Saa ya Mwananchi

Tarehe 27 Novemba, 2007, Profesa Randy Pausch, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alisimama mbele ya hadhara katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, akazungumza juu ya matumizi ya wakati. Alikuwa anaugua saratani ya kongosho, na wasikilizaji wake walijua kwamba siku zake zinahesabika. Alifariki tarehe 25 Julai, 2008, akiwa na umri wa miaka 47. Mazungumzo yake yameenea duniani, nasi yatupasa tuyapime kabla ya kuyapokea.

Hoja yake kuu ni kwamba wakati ni mali kama fedha, na kwa hiyo hapana budi uwekewe hesabu. Alishauri mtu aandike jinsi anavyozitumia saa zake. Apange kazi kwa umuhimu wake, asiburuzwe na zile zinazopiga kelele tu. Kila karatasi aishike mara moja na kuimaliza. Awakasimu wengine kazi wanazoziweza. Na ajifunze kukataa.

Mengi katika hayo ni ya haki. Afisa atakayeandika saa zake kwa wiki moja huenda akastaajabu kuona ni ngapi zimekwenda katika maamkizi na mikutano isiyo na maamuzi. Na jalada linalofunguliwa mara tano bila ya kuandikwa neno limekula saa tano, wala halijasogea.

Hata hivyo, mwenye kupima hoja hutenganisha hoja na msemaji. Hali ya Profesa iliwagusa watu nyoyo, na ni haki yake. Lakini huruma si ushahidi. Ushauri huo usimame kwa miguu yake hata ukitolewa na mtu mwenye afya.

Upungufu mkubwa umo katika mlinganisho wa fedha. Fedha zina mwenyewe ajulikanaye. Saa ya kazi ya umma ni ya nani? Profesa anaposema tujifunze kukataa, shauri hilo lamfaa mtu binafsi aliyeelemewa na mialiko. Likiingia kwenye dirisha la ofisi, hugeuka kuwa “njoo kesho.” Afisa ameokoa robo saa; mwananchi amepoteza siku nzima.

Tumtazame mtu wa Tumbatu aliyevuka kwa chombo kwenda Mkokotoni kutafuta cheti. Safari yake inafuata maji. Akiambiwa arudi kesho saa hizi hizi, aliyemwambia amesahau kwamba maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wiki moja baadaye, saa ile ile iliyokuwa ya maji kujaa huwa ya maji kupwa. Siku hiyo mtego haukutegwa wala shamba halikulimwa, na hasara hiyo haimo katika hesabu ya afisa yeyote.

Basi ndugu zetu watumishi waufuate ushauri wa Profesa, lakini katika daftari la saa zao waongeze safu ya pili: mwananchi alifika saa ngapi, na aliondoka saa ngapi. Safu hizo mbili zisomwe pamoja. Ikiwa ya kwanza inapungua na ya pili inarefuka, hapo hakuna wakati uliookolewa. Mzigo umehamishwa tu kutoka bega la mwenye mshahara kwenda bega la asiye nao.

Wahenga walisema wakati ni ukuta. Asiachiwe mwananchi peke yake kupigana nao.