Je, Wajua? Pwani Isiyokubali Hata Mbegu Moja

Je, wajua ya kuwa msafiri aendaye Antaktika, baada ya kuvuka bahari yenye dhoruba kwa muda wa siku mbili hivi tangu kuondoka Ushuaia, nchini Argentina, hatii mguu pwani mpaka viatu vyake visuguliwe na mifuko yake ipekuliwe, isije mbegu moja ya majani ikaota katika ardhi ile ya barafu?

Merikebu yenye abiria zaidi ya 500 haishushi hata mmoja. Mahali pamoja hawateremki zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja. Pengwini hakaribiwi chini ya mita 5, na akikatiza njia, binadamu ndiye asimamaye akampisha. Adabu njema hiyo, tena ya haki.

Nasi wa Bweremana, kando ya ziwa Kivu, tusidhani habari hizi ni za mbali. Katika hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, mgeni wa sokwe wa milimani sharti avae barakoa, na muda wake ni saa moja tu. Na humu humu ziwani Kivu, kisiwa cha Tchegera, ambacho ni ukingo wa volkano uliochomoza majini kwa umbo la hilali, ni sehemu ya hifadhi hiyo, nacho hufikiwa kwa boti.