Karati: mbegu iliyobaki ndani ya mizani

Wiki iliyopita tulikuwa mu nyumba moja ya wanunuzi wa dhahabu hapa Bukavu. Mama mmoja alikuwa ametoka Kamituga na dhahabu ya bwana yake, gramu 6, imefungwa ndani ya kipande cha karatasi. Mnunuzi akaiweka juu ya balansi, akaisugua kidogo kwenye jiwe jeusi, akachukua chupa ndogo ya asidi na kudondosha tone. Akasema: « Mama, hii iko karati kumi na munane tu. »

Mama akauliza: « Na karati njo kitu gani? »

Mnunuzi akacheka: « Njo ginsi banasemaka. »

Mama akapokea dola zake, akaenda. Sisi pia tulinyamaza, juu hatukuwa na jibu. Kumbe neno tunalolisikia kila siku, linalokata bei ya jasho letu, hatulijui. Basi tukalitafuta.

Karati ni mbegu. Kuna mti wa pande za bahari ya Mediterania, Wafaransa wanauita caroubier. Unazaa maganda marefu, meusi, yamepinda kama pembe ya mbuzi. Wagiriki waliita tunda hilo keration, maana yake pembe ndogo, na mbegu zake ngumu waliziweka kwenye mizani kupimia vitu vidogo vya bei kali. Waarabu wakalichukua neno wakasema qirat, Waitalia wakasema carato, Wafaransa carat, na sisi karati.

Lakini kwa nini dhahabu safi ni karati 24, si 10, si 100? Hapo inabidi kurudi kwa mfalme Konstantino wa Roma, karne ya 4. Alitoa sarafu ya dhahabu yenye uzito wa karibu gramu 4 na nusu, na uzito huo ulihesabiwa kuwa sawa na mbegu 24. Sarafu yote ikiwa dhahabu tupu, watu walisema ni mbegu 24. Ikichanganywa na shaba au feza, dhahabu ya ndani inabaki mbegu 20, au 18. Kwa hiyo karati ya dhahabu si uzito tena, ni sehemu moja kati ya 24. Paka leo Misri shamba la feddan moja linagawanywa qirat 24, na hakuna dhahabu hapo, ni udongo tu.

Sasa hapa ndugu zetu wa Numbi, kule Kalehe, wasikie vizuri, juu wao wanachimba pia turmalini. Kwenye mawe, karati ni uzito kweli. Zamani kila mji wa biashara ulikuwa na karati yake, moja nzito kidogo, nyingine nyepesi, na mnajua wenyewe ni nani anafaidika na mchezo wa namna hiyo. Mwaka 1907 mataifa yalikubaliana: karati moja ni miligramu 200, basi. Gramu moja ni karati 5. Mtu akikwambia jiwe lako ni dola 10, uliza: dola 10 kwa karati ao kwa gramu? Kwa karati, gramu ni dola 50. Neno moja, kazi mbili, na katikati yake mfuko wako.

Wengi wanasema mbegu za mti ule zilichaguliwa juu zote zina uzito mmoja. Si kweli. Mwaka 2006 watafiti waliandika katika gazeti la sayansi Biology Letters kwamba walizipima, wakakuta zinapishana sawa na mbegu za miti mingine. Ila mtu mwenye jicho zuri anaweza kuchagua zile zinazofanana. Tunaamini na mwenye jicho zuri aliweza pia kuchagua zile zisizofanana, moja ya kununulia na moja ya kuuzia.

Tusiwacheke watu wa zamani. Mu machimbo yetu bado kuna wanaopima dhahabu kwa kijiti cha kiberiti na vipande vya sarafu za zamani. Na tola, ambayo wazee wa biashara ya dhahabu Kivu wanaitaja bado, ilitoka India, gramu 11 na kidogo zaidi ya nusu. Nayo ilihesabiwa kwa mbegu: 96 za ile mbegu nyekundu yenye jicho jeusi, ambayo huku kwetu Afrika watu wanaitoboa kufanya shanga. (Ina sumu kali ndani, musiache watoto wailambe wala kuitafuna.)

Turudi kwa yule mama. Hesabu yenyewe si ngumu: gramu mara karati, gawanya kwa 24. Gramu 6 za karati 18 zina dhahabu safi gramu 4 na nusu. Gramu 6 za karati 22 zina gramu 5 na nusu. Tofauti ni gramu moja nzima.

Tuliuliza pia fundi mmoja wa bijou habari ya ile asidi. Alitueleza kwamba chupa zinauzwa kwa namba: kuna ya 14, ya 18, ya 22. Alama ya dhahabu kwenye jiwe ikitiwa asidi ya 18 na isiyeyuke, maana yake dhahabu haiko chini ya 18. Haisemi kama ni 18 kamili. Inaweza kuwa 20, inaweza kuwa 22. Kujua hiyo lazima kufungua chupa inayofuata.

Tulimpigia mama simu Kamituga, tukamweleza yote hayo polepole. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tulikuwa tumesimama karibu na meza siku ile. Tukasema ndiyo.

« Basi na ninyi mulionaka, akasema. Alifungulaka chupa moja tu. »