Geji ya Mafuta Isiyoaminika

Ukinunua pikapu iliyozeeka kama Hilux yangu ya dizeli, ipime geji ya mafuta kabla ya kuitegemea. Mimi hubeba maembe kutoka Wamunyu hadi soko la Machakos, na mshale huyumba kila nikipanda mlima. Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakipungua boya hushuka, na mkono husugua waya unaobadilisha kiasi cha umeme kinachofika kwenye dashibodi. Miaka ikipita waya hulika, boya hutoboka, au athi, yaani waya unaounganisha tangi na chasisi, hushika kutu.

Anza na athi: isugue kwa msasa, kaza nati, tazama mshale. Kuna mafundi wanaokimbilia kukuuzia geji mpya ya dashibodi, na hilo linaniudhi sana, kwa maana mara nyingi ugonjwa uko tangini.

Kama pesa za matengenezo hazijapatikana, jaza tangi pomoni, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha, kisha ujaze tena na ugawanye kilomita kwa lita. Mimi hurudia hesabu hii tarehe 14 ya kila mwezi, siku EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei mpya za mafuta. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, lita 20 ni kilomita 200. Jaza ukifika 150, kwa sababu mzigo na milima hula zaidi. Dizeli isiishe kabisa: hewa huingia kwenye mabomba, na utaitoa kwa pampu ya mkono kando ya barabara, malori yakikupita.