Chanjo ya Vietnam na Kitimoto Chetu

Nguruwe hulipa haraka. Jike huzaa mara mbili kwa mwaka, na mtoto akilishwa vizuri huingia sokoni kabla ya kutimiza mwaka. Lakini homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia bandani, mtaji wote huweza kuteketea ndani ya wiki chache, maana haina tiba.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921. Kirusi chake kimeishi tangu zamani kati ya ngiri, ambaye haugui, na papasi wa kwenye mashimo yake, na katika muda huo kimegawanyika mno. Wanasayansi wamezoea kuhesabu makundi 24 ya kinasaba, na yote yamepatikana Afrika. Kenya na Uganda zinasumbuliwa zaidi na kundi la 9. La 10 limepatikana Kenya, Burundi na Tanzania. Mwaka 2010 kundi la 2 likazuka mkoani Mbeya, jirani na Malawi.

Kundi hilo la 2 ndilo lililofika Georgia mwaka 2007, kisha China mwaka 2018, na uzalishaji wa nyama ya nguruwe wa China ukashuka kutoka takriban tani milioni 54 mwaka huo hadi milioni 42.5 mwaka 2019. Fedha za utafiti zilifuata hasara hiyo. Chanjo zilizoidhinishwa Vietnam zimetokana na kundi la 2, na chanjo ya kundi moja mara nyingi haikingi dhidi ya jingine. Huko China kwenyewe, watafiti waliripoti mwaka 2023 kirusi kilichochanganya makundi ya 1 na 2, na chanjo hai ya kundi la 2 waliyoijaribu ikashindwa kukizuia. Taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, jijini Nairobi, inatafuta chanjo ya kundi la 9, na kazi hiyo inastahili fedha za serikali zetu, si za wafadhili peke yao.

Kwa sasa kirusi kinasambazwa na biashara yenyewe. Mfugaji akisikia vifo kwa jirani huuza upesi kwa bei ya kutupa, dalali hubeba, na mkoa mwingine huugua. Simlaumu: asiyelipwa fidia ataokoa anachoweza. Serikali zianze kulipa fidia, zichukue sampuli kila mlipuko unapotokea ili tujue ni kundi gani. Nawe mfugaji, chemsha makombo kabla ya kulisha, na usimnunue nguruwe wa bei ya kutupa.